Kumwitikia Chiriku

Tangu nirudi, kila anayekuja kibandani kwangu kuchaji simu ananiuliza, "Skola, hivi kule ziwani ilikuwaje?" Nikianza kusimulia, simu yake inajaa kabla sijafika Kingerikiti, anachomoa anaondoka. Basi nimeamua kuandika. Hivi mtasoma mpaka mwisho, na mimi nitapata nafasi ya kusahihisha maneno yangu mara nne kabla hayajatoka, kama mnavyonijua.

Kwa wale waliokuwa wanaitikia tu "aha, aha" nilipokuwa naeleza: Chiriku ni setilaiti. Ni ndogo kiasi kwamba ungeiweka kwenye kikapu cha sokoni na nafasi ya nyanya ikabaki. Imeundwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha hapa nchini, ikapandishwa angani na roketi ya watu wengine. Ina redio, betri, vipande vya sola, na kazi moja tu: kuongea. Kila baada ya dakika moja hutuma sauti ya mwanafunzi inayosalimia, inataja jina lake, kisha inasema betri yake ina nguvu kiasi gani, yaani volti ngapi. Mtu yeyote mwenye redio ndogo ya mkononi na antena nzuri anaweza kuisikia. Watu wanaofanya hivyo kwa mapenzi tu, bila kutumwa wala kulipwa, huitwa watu wa redio ya ridhaa. Mimi ni mmoja wao. Hakuna aliyenifundisha. Nimejifunza kwa video za kwenye simu na kwa redio zenu mbovu mlizoniachia.

Sasa niungame. Chiriku alikuwa amenyamaza kwa wiki tatu. Alfajiri alipopita juu ya chuo chao, betri ilikuwa imelala njaa. Jioni, akiwa ameshiba jua, alipita mbali sana magharibi, na kwao majengo yalimziba. Wakatangaza mtandaoni kwamba kama hakuna aliyemsikia, watamhesabu amekufa na kufunga kituo chao cha kusikilizia. Siku hiyo nikiwa juu ya paa la kibanda nilisikia sekunde mbili za kitu. Huenda alikuwa Chiriku. Huenda ilikuwa mashine ya kukaushia nywele ya saluni ya jirani. Mimi, ambaye huandika ujumbe wa kawaida mara saba kabla ya kuutuma, niliandika mara moja tu: "Nimemsikia. Nina uhakika." Nikatuma.

Uhakika wenyewe ulikuwa nusu. Robo, labda.

Aliyenijibu ni mwanafunzi anayeitwa Rehema. Aliandika kwa upole kwamba kwa sababu yangu wameahirisha uamuzi hadi Jumatatu asubuhi, na kwamba wanasubiri rekodi. Rekodi sikuwa nayo. Nililala siku tatu nikiona darasa zima la wanafunzi limeketi likinisubiri mimi.

Mbinga, mnajua, imezungukwa na milima, na magharibi ndiko milima ilikokaa vizuri zaidi. Nilihitaji mahali ambapo magharibi hakuna kitu. Ziwani. Chiriku angepita Jumamosi jioni, na tena Jumapili jioni. Nikapanga niondoke Ijumaa, nimrekodi Jumamosi, na Jumapili iwe akiba.

Mbinga hadi Kingerikiti, na miche isiyopenda upepo

Ijumaa asubuhi nilisimama barabarani na begi kubwa mgongoni, begi dogo kifuani na antena mkononi. Ndani ya begi kubwa kulikuwa na redio mbili, kwa sababu moja inaweza kufa, na betri za redio zote mbili, na betri za akiba za zile betri. Antena niliiunda mwenyewe: bomba jembamba la plastiki, na juu yake vipande vya futi ya chuma, ile ya njano ya maseremala, vimefungwa kwa kukingama kama miba ya samaki. Futi inafaa kwa sababu ukiibana inakunjika, ukiiachia inanyooka. Namba za sentimita bado zinasomeka.

Usafiri ulikuwa pikapu ya Otmari, mtoto wa mjomba wangu, aliyekuwa anapeleka miche ya kahawa Kingerikiti na Tingi. Aliahidi tungekula chakula cha mchana Chiwanda, ufukweni mwa ziwa, siku hiyo hiyo. Kilichotuchelewesha kwanza ni mimi: tulirudi nyumbani mara mbili, mara ya kwanza kuchukua dira, mara ya pili kuhakikisha nimefunga mlango. Nilikuwa nimeufunga.

Baada ya hapo ikawa zamu ya miche. Otmari aliifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, akaendesha mwendo wa mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Mbona unaendesha kama tunafuata jeneza?" nilimuuliza.

"Miche haipendi upepo. Ikipigwa, majani yanakauka pembeni, mteja anaikataa. Tulia, dada. Hiyo setilaiti yako inakimbia kwa niaba yetu sote."

Kila tulipovuka kijito alisimama, akachota maji kwa ndoo, akaunywesha mche mmoja mmoja huku akiupigia mluzi. Nilitoa daftari nikapiga hesabu. Chiriku huizunguka dunia yote kwa saa moja na nusu. Kati ya Mbinga na Kingerikiti, Chiriku aliizunguka dunia mara tano. Nilimsomea Otmari hesabu hiyo. Akasema, "Sawa, lakini yeye amebeba miche?"

Tulilala Kingerikiti kwa mteja wake wa kwanza. Walitupikia kande nzito, na kwa sababu hiyo ni nyumba ya wakulima wa kahawa, tukanywa chai. Mgeni angeshangaa. Sisi kahawa ni ya kuvuna. Nilipanga vifaa vyangu vyote mkekani nikavikagua, nikavirudisha, nikavitoa tena. Mama mwenye nyumba akamnong'oneza Otmari, "Huyu dada yako anaenda kufanya mtihani?" Otmari akasema ndiyo. Nadhani hakukosea.

Tingi, ambako nilikuwa serikali

Jumamosi saa tatu tulifika Tingi, shambani kwa Mama Benedikta, mjane mrefu mwenye sauti ya kuita watu walioko ng'ambo ya bonde. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: kushusha miche saa moja, kisha kuteremka, saa nane niko ziwani.

Wakati Otmari anashusha, nilitoa antena nione kama imepinda. Nikashika dira kwa mkono mwingine, nikaelekeza magharibi, nikafumba jicho moja. Mama Benedikta alisimama na mche mkononi akanitazama.

"Karibu, mwanangu. Tuliambiwa mtakuja Jumatano, nikajua tu mtachelewa."

"Shikamoo, mama. Mimi sikutumwa na mtu."

"Marahaba. Si hiyo futi naiona?"

"Ni antena, mama. Natafuta setilaiti."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Mama Benedikta aligeukia ng'ambo akaita, "Ambros! Ee Ambros! Toka huko! Wale wa setilaiti wamefika!"

Kumbe kijiji kilikuwa kinasubiri wapimaji wa mashamba. Mtendaji alikuwa amewaambia mkutanoni kwamba mwaka huu hawatakuja na kamba kama zamani, watapima kwa setilaiti. Na hawa wawili, Mama Benedikta na jirani yake Mzee Ambros, walikuwa na mgogoro wa mstari mmoja wa ngoro, yale mashimo ya mraba tunayochimba kwenye miteremko na kufukia majani kingoni ili mvua isiondoke na udongo. Kila mmoja alisema mstari ule ni wake. Mzee Ambros alikuja akiwa amevaa koti la kanisani. Alikuwa amelivaa tangu Jumatano.

Nikajitetea. "Mzee, shikamoo. Setilaiti yangu haipimi mashamba. Ni ndogo, imetengenezwa na wanafunzi."

"Marahaba. Ndogo inatosha. Hata shamba lenyewe si kubwa."

"Na inaumwa. Huenda imekufa."

"Ndiyo maana umekuja na futi," alisema Mama Benedikta, na wote wawili wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana mwaka huo. Nilimtazama Otmari aniokoe. Alikuwa amejificha nyuma ya pikapu, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Sasa naungama mara ya pili. Ningeweza kuondoka. Niliwaambia wazi kwamba kipimo changu hakina muhuri wala nguvu yoyote, na Mzee Ambros akajibu, "Muhuri baadaye, kwanza ukweli." Kisha akaeleza kwamba yeye na marehemu mume wa Mama Benedikta waligawana mteremko ule nusu kwa nusu, kutoka jiwe lile hadi mfereji ule. Nusu kwa nusu! Kazi ya dakika ishirini. Na mimi siwezi kupita penye kitu kilichokaa upande bila kukinyoosha.

Nilitumia kamba ya Otmari na kipande cha futi nilichobeba cha akiba. Nilipima kutoka jiwe hadi mfereji, nikaandika. Nikarudia kutoka mfereji hadi jiwe. Zilitofautiana sentimita nane. Mtu mwenye akili angesema sentimita nane kwenye mteremko wa mashimo ni jambo la kumshukuru Mungu. Mimi nilipima tena, shimo kwa shimo, saa zikapita. Nilipima nikiwa nimepiga magoti, nimevua viatu, majirani kumi na kitu wamekaa ukingoni wakila viazi na kunishangilia kila nilipochomeka kijiti.

Kipimo cha tatu kilikubaliana na cha kwanza. Nikagawa, nikatembea hadi katikati, nikachomeka kijiti cha mwisho. Kilisimama katikati kabisa ya shimo la mstari ule wa ugomvi. Mstari ule ulikuwa wa wote wawili, nusu shimo huku na nusu shimo kule.

Mama Benedikta akaanza kucheka, kicheko kikaenda ng'ambo ya bonde kikarudi. "Ambros, miaka yote hii tumenuniana kwa nusu shimo!"

"Nusu yako ndiyo ina majani mengi," Mzee Ambros akasema, lakini naye alikuwa anacheka.

Wakaamua mstari ule upandwe maharage na wavune pamoja. Watu wakapiga makofi. Na katikati ya makofi simu yangu ikalia mfukoni. Nilikuwa nimeiwekea kengele. Kwenye kioo iliandikwa: Chiriku anachomoza.

Ilikuwa saa kumi na dakika tano jioni. Nilikuwa Tingi, magharibi yangu ikiwa ukuta wa milima, magoti yamejaa udongo. Nilikaa ukingoni mwa ngoro nikalia.

"Sasa unalia nini, mwanangu? Umepima vizuri," Mama Benedikta akasema.

Nikamweleza yote, pole pole: chuo, Rehema, sekunde mbili, uongo wangu. Alinisikiliza huku ameshika kiuno.

"Kumbe kweli hukuwa mpimaji?"

"Nilikwambia, mama."

"Ulisema. Lakini ukapima mara tatu. Ningejuaje?"

Tingi bado, kwa sababu ya matangazo

Otmari alilazimika kurudi Mbinga. Kwa hiyo Jumapili ilibaki siku moja, nafasi moja, na pikipiki moja, ya Gaspari. Gaspari ni kijana mchangamfu na dereva mzuri. Pia ndiye mpiga ngoma wa kwaya, na asingeondoka kabla ya ibada kwisha hata kama ningebeba roho ya mtu mkononi.

Nilisali kweli. Nilimwomba Mungu afupishe. Mahubiri yalikuwa mafupi, nikashukuru mapema mno, maana katekista alitoa karatasi ya matangazo na karatasi hiyo ilikuwa imeandikwa hadi nyuma. Usafi wa kanisa. Ndoa inayotangazwa mara ya pili. Mbuzi aliyepotea, rangi yake, tabia yake, na nyumba alikoonekana mara ya mwisho. Kisha katekista akainua macho.

"Na yule dada mpimaji, tunasikia tuko naye. Asimame tumwone."

Nilisimama. Nikasema mbele ya kanisa zima kwamba mimi ni fundi simu. Watu wakapiga makofi vile vile. Nje, watu watatu walinisubiri waniulize kuhusu mipaka yao, na mmoja alitaka nimtafutie mbuzi kwa setilaiti. Huyo ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, maana nami nilikuwa natafuta kilichopotea, lakini sikumwambia.

Mama Benedikta alinifungashia viazi vya kuchemsha na chupa ya togwa. Tuliondoka saa saba kasoro.

Barabara ya kuteremka kuelekea ziwani ni nzuri kwa anayependa maisha yake kidogo tu. Hewa ilizidi kuwa nzito na ya joto kila kona, kama mtu anakufunika blanketi moja baada ya jingine. Chupa ya togwa ilichachamaa kwa kutikiswa, ikafumuka, ikaniogesha mgongo wote. Gaspari alisikia mlio akadhani ni tairi. Tulisimama tukakagua matairi yote mawili, kisha akanigeukia akaniona nanuka togwa, akacheka hadi akakaa chini. Nami nikacheka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu nitume ule ujumbe.

Kona iliyofuata, ziwa likatokea. Nilikwisha kuliona zamani, lakini safari hii sikuangalia maji. Niliangalia juu ya maji. Magharibi yote ilikuwa wazi, hakuna mlima wala mti, anga limekaa juu ya ziwa bila kuzuiwa na kitu. Nilimpigapiga Gaspari mgongoni. "Hakuna kitu! Angalia, Gaspari, hakuna kitu kabisa!"

"Dada," akasema, "watu wengine wakifika hapa husema kuna ziwa."

Chiwanda, dakika tisa

Tulifika saa kumi kasoro dakika ishirini. Chiriku angechomoza saa kumi na dakika kumi na saba, na angekaa juu ya upeo dakika tisa. Ufukweni kulikuwa na vichanja virefu vya kuanikia usipa, dagaa wa huku, na akina mama wakiwageuza samaki kabla jua halijapoa. Mkubwa wao aliitwa Mama Agnes. Nilimsalimia, nikaomba nafasi ya kusimama kando ya kichanja chake.

"Simama, lakini usinitilie kivuli kwenye samaki."

Nikafungua mabegi. Waya wa kurekodia, ule unaounganisha redio na simu, ulikuwa umekatika shingoni. Nilitabasamu, kwa sababu nilikuwa na wa akiba. Wa akiba ulikuwa kwenye begi dogo. Begi dogo lilikuwa Tingi, juu ya kitanda cha Mama Benedikta.

Hapakuwa na muda wa kulia. Ilibaki njia moja: kuweka simu mbele ya kipaza sauti cha redio, irekodi kwa kusikia. Maana yake, watu wote wanyamaze kwa dakika tisa.

Watu walikuwa wameshakusanyika. Mimi na miba yangu ya samaki tulikuwa jambo jipya. Aliletewa kiti mzee anayeitwa Mzee Yohana, mkubwa kuliko wote pale, na wakamkalisha mbele. Nilimpa shikamoo, nikawaeleza wote kwa sauti: juu kuna kitu kidogo, kimetengenezwa na watoto wa chuo, kinaumwa betri, wakubwa wake hawajui kama kinaishi, na leo ni siku ya mwisho. Nikitaka kuwasaidia lazima nirekodi sauti yake ikitaja betri. Naomba kimya.

"Mtoto mgonjwa," Mzee Yohana akasema. "Tumeelewa. Tutanyamaza."

Saa kumi na dakika kumi na saba. Mkono wa kushoto umeshika antena, wa kulia umeshika redio, na simu nimeifunga kwenye redio kwa kamba ya kiatu. Mkoromo mtupu. Dakika moja ikapita. Nilizungusha antena kidogo kusini, nikaikingamisha, nikashusha namba za redio pole pole, na mkoromo ukafunguka kama pazia. Sauti ya msichana, safi, changa, ikatoka juu ya ziwa.

"Shikamooni, wazee..."

"MARAHABAAA!"

Ufukwe mzima. Akina mama, wavuvi, Gaspari, watu arobaini hivi. "Marahaba, mwanangu! Hujambo? Umetoka wapi? Pole na kuumwa!" Na chini ya mawimbi hayo ya marahaba, Chiriku alitaja betri yake na hakuna aliyeisikia.

"Jamani!" nilipiga kelele. "Tumekubaliana kimya!"

"Ametusalimia," Mama Agnes akasema, ameshangaa kweli.

"Ni rekodi, mama! Hasikii!"

"Hata mgonjwa aliyezimia anaitikiwa," Mzee Yohana akasema. "Mtoto katoka huko juu, anatuamkia, sisi tumkalie kimya? Atakwenda kusema nini kwao, kwamba Chiwanda hawana adabu?"

Nilikuwa nimebakiza dakika saba na ninabishana na mzee kuhusu adabu. Chiriku anarudia kila baada ya dakika moja. Nikasema, "Babu, tafadhali, mwitikieni kwa moyo." Akakataa. Ya moyoni haisikiki. Dakika ikafika: "Shikamooni, wazee..." Safari hii walijaribu kwa chini, lakini watu arobaini wakisema marahaba kwa chini ni kama lori linashusha mchanga. Namba ya betri ikapotea tena.

"Basi aitikie mmoja kwa niaba ya wote!" nikasema. "Babu peke yako. Kwa mkono. Inua mkono, kama unavyomwitikia mtu aliye mbali shambani."

Mzee Yohana alifikiri. Naapa alifikiri sekunde thelathini, na Chiriku anakimbia. "Kwa mtu wa mbali," akasema hatimaye, "mkono unakubalika."

Dakika iliyofuata: "Shikamooni, wazee..." Mkono wa Mzee Yohana ukapanda, wenye heshima, umenyooka. Watu kimya, wameziba midomo. "Hamjambo, wenzangu. Mimi ni Chiriku. Betri yangu ni..."

"HATUJAMBO!" Mvuvi mmoja alikuwa ndiyo kwanza anaburuta mtumbwi wake nchi kavu. Hakujua lolote. Alisikia salamu, akaitikia kama mtu aliyelelewa vizuri. Mama Agnes alimrushia usipa mbichi.

Nilikuwa nacheka hadi antena inachezacheza. Sauti ya Chiriku ilianza kushuka, nami nikaifuata kwa redio, namba baada ya namba. Nilikuwa nimebakiza salamu mbili, labda moja. Mama Agnes alimkamata yule mvuvi akamziba mdomo kwa kiganja chenye magamba. Mzee Yohana akainua mkono kabla hata ya salamu, kwa uhakika zaidi.

"Shikamooni, wazee. Hamjambo, wenzangu. Mimi ni Chiriku. Betri yangu ni saba nukta moja. Joto langu ni nyuzi nane. Asanteni kwa kunisikiliza."

Mawimbi tu. Mikono arobaini juu, kila mtu aliamua kuinua wake. Na aliyeharibu ule ukimya mwishoni ni mimi. Nilipiga ukelele ambao uko kwenye rekodi hadi leo, nikaruka, nikatia kivuli kwenye samaki.

Chiwanda, nyuma ya mashine ya kusaga

Mtandao pale siku hiyo ulipatikana mahali pamoja, nyuma ya mashine ya kusaga. Mama Agnes alinipeleka. Mpango wangu ulikuwa nikate ile dakika moja safi, niitume peke yake, niufiche ule upuuzi mwingine wote usijulikane. Nilikuwa nimeshaweka kidole. Halafu nikafikiri kwamba nimeshawatumia wale watu kitu kimoja kilichopakwa rangi, na nikatuma dakika tisa zote, na mimi kupiga kelele humo ndani.

Chini yake niliandika, mara moja tu, bila kusahihisha: "Hii nina uhakika. Ile ya kwanza sikuwa nao. Samahani."

Mama Agnes aliniletea ugali wa muhogo na samaki wa kuchoma, nikala nimesimama, simu juu ya mfuko wa mahindi. Jibu la Rehema lilifika kabla sijamaliza.

"Saba nukta moja!!! Yuko hai. Tunalia hapa. Ile ya kwanza tulijua siku ile ile. Saa ile uliyotuandikia, Chiriku alikuwa upande wa pili wa dunia."

Nilirudisha tonge sahanini. Ujumbe wa pili ukaingia.

"Tuliahirisha kwa sababu ni wewe peke yako uliyetuandikia. Tukasema kama kuna mtu mmoja bado anapanda paani kumtafuta, tumpe wikendi moja. Ile sauti ni yangu. Sijawahi kuitikiwa. Hao watu ni akina nani?"

Nikawasomea. Walitaka niwasomee tena, na nilipofika kwenye "sijawahi kuitikiwa" Mzee Yohana aliwageukia watu wote mmoja mmoja, kama mtu aliyeshinda kesi.

Nilirudi Mbinga Jumanne, kupitia Tingi kuchukua begi dogo, nikala maharage. Chuo hakikufunga kituo. Walimtumia Chiriku amri apunguze kuongea usiku ili betri ipumzike. Redio moja na ile antena niliviacha Chiwanda kwa Mama Agnes, maana kila jioni yupo pale pale na samaki wake, na magharibi yake haina kitu. Nilimwonyesha jinsi ya kuelekeza mara tano. Mara mbili zingetosha, aliniambia.

Jana alinipigia nikiwa na simu ya mteja imefunguliwa mezani.

"Skola, mwanangu, leo kapita wakati tuko msibani, ikabidi nimwitikie kwa mkono. Andika: saba nukta nne." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyetoka kumgusa mtoto paji la uso, akasema, "Anaendelea vizuri."